Swali Lililosahau Kilo za Gari

Niliinua mkono katikati ya mtihani, nikamwita msimamizi, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: "Samahani, swali la nne lina kosa. Mmesahau kuandika kilo za gari."

Msimamizi alilisoma swali, akanitazama, akasema halina kosa. Nikabishana naye mpaka waliokuwa mbele wakageuka. Swali lilisema gari linazunguka raundabauti tambarare. Likataja umbali kutoka katikati hadi ukingoni, likataja jinsi tairi zinavyoshika lami, kisha likauliza: gari linaweza kwenda kwa kasi gani kabla halijateleza? Basi. Kilo hakuna. Mimi ni dereva wa basi. Sitakaa niambiwe kwamba basi tupu na basi lililojaa watu hupiga kona sawasawa. Nikaandika kwa Kiingereza safi kwamba swali hili halijibiki kwa kuwa uzito haukutajwa, nikapiga mstari chini yake kwa rula, nikaenda swali la tano nikiwa nimejaa fahari.

Nilifeli kwa alama tatu. Swali la nne lilikuwa na alama nane.

Habari hiyo ilinikuta nimeegesha basi mtaani Lusail nikingojea abiria, na nililia hadi nikashindwa kuona usukani. Wala haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira tupu. Mtihani ule ulikuwa wa kuingilia kozi ya jioni ya ufundi wa mitambo, hapahapa Doha, Qatar. Hufanywa mara moja kwa mwaka, na chuo hakimpokei mtu aliyetimiza miaka thelathini na tano. Mimi nilikuwa na thelathini na tatu. Hesabu hiyo hata mimi niliiweza: nimebakiwa na mara moja, nikikosa, khalas, imekwisha.

Kwa miaka minane nilikuwa nimewachukua wanawake wa usafi na wa ulinzi kutoka makazi yetu ya Umm Salal alfajiri na kuwarudisha alasiri. Basi likiharibika, anakuja fundi na begi lake, anafungua injini, na mimi naambiwa, "Dada, simama kando." Nilikuwa nimechoka kusimama kando. Nilitaka kuwa yule anayefungua. Na kulikuwa na kidonda kingine cha zamani: nikiwa kidato cha tatu nyumbani Kenya, mwalimu wa fizikia alinitoa darasani kwake akanipeleka upande wa upishi na ushonaji, bila hata kuniuliza. Sijamsamehe, na sina haja ya kujifanya nimemsamehe.

Aliyeniokoa alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Alikuwa mwanamke Mganda, mlinzi katika duka kubwa huko Lusail, amenizidi kama miaka kumi. Mtu wa maneno machache. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja mwaka mzima na nilichojua juu yake ni kwamba anaswali kwa wakati na hapendi chumvi nyingi. Siku moja alikuta mezani karatasi yangu ya mtihani iliyorudishwa na chuo, akaanza kuipekua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kisha akasimama kwenye swali la nne.

"Banange!" akasema. "Dereva, hii umeandika wewe?"

"Ndiyo. Wamesahau kilo."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, na haki ya Mungu nilitaka kumrushia kiatu.

"Hawakusahau," akasema akijifuta machozi. "Kilo hazitakiwi. Hata ungeweka kilo za mbuzi, jibu lingekuja lilelile."

"Haiwezekani."

"Inawezekana."

"Kwani wewe umeendesha basi lini?"

"Na wewe umefaulu fizikia lini?"

Hapo alinipata.

Ndipo nikajua kwamba alikuwa amefundisha fizikia miaka kumi na mmoja katika shule ya wasichana kule Jinja. Ilipofungwa wakati wa korona, haikufunguka tena. Mwenye shule aliigeuza ghala la mahindi. Akatafuta kazi akakosa, akaja Ghuba kuvaa sare. Nikamwambia, "Basi nifundishe, mwalimu."

Uso wake ukabadilika. "Nitakufundisha. Lakini usiniite hivyo. Mwalimu ni mtu mwenye darasa. Mimi ni mlinzi."

Tukaanza wiki ileile. Tulisoma tukitoka kazini, kabla ya chakula cha jioni, na alikuwa na sheria moja: mchoro kwanza. Haruhusu ushike namba hata moja kabla hujachora kitu kinachotembea na mishale ya nguvu zote zinazokigusa. Usipochora, huli. Alikuwa anaweka mkono juu ya kifuniko cha sufuria, anatazama dirishani, anangoja. Nilidhani ni utani, mpaka siku ya kwanza nilipokula maharage yaliyopoa kama maji ya kisimani.

Siku hiyo nilichora basi langu kwenye raundabauti, na mshale mnene ukitoka katikati kwenda nje. Akauwekea kidole.

"Huu ni wa nani?"

"Wa nani vipi?"

"Kila mshale una mwenyewe. Huu wa kwenda chini, mwenyewe ni dunia, inalivuta basi. Huu wa juu, mwenyewe ni lami, inalibeba. Huu wa kuelekea katikati, mwenyewe ni lami tena, inashikana na tairi. Sasa huu wa nje, nani anasukuma?"

"Ni ule mzunguko."

"Mzunguko si mtu. Futa."

"Sifuti! Mimi nawaona kila asubuhi. Nikikata kona, basi zima linalalia nje. Juzi mmoja kaangukia mapajani mwa mwenzake. Nani alimsukuma?"

"Hakuna. Yeye alikuwa anaenda zake moja kwa moja. Wewe ndiye uliyegeuza kiti chini yake."

Nilibishana naye hadi adhana ya magharibi. Aliswali, akarudi, akakuta bado nina maneno. Hakupandisha sauti hata mara moja. Aliuliza tu, "Mwenyewe ni nani?" na kila nilipomtafuta huyo mwenyewe sikumpata. Mwishowe nikaufuta ule mshale kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, nikala.

Nishati niliielewa haraka, kwa pua. Aliponiambia kwamba nishati haipotei, ila inahama kutoka hali moja kwenda nyingine, nikamkatiza: "Breki!" Nyumbani kabla ya kuja huku niliendesha lori dogo la mboga kwenye mteremko mrefu, na mtu akikanyaga breki tangu juu mpaka chini, harufu ya kuungua inamtangulia sokoni. Kumbe ule urefu wa mlima ndio uliokuwa unaungua. Nilikaa nikiitazama hesabu ile, kimo upande huu, joto la msuguano upande ule, nikaona aibu kidogo na furaha nyingi. Miaka yote hiyo nilikuwa nayajua majibu bila kujua maswali.

Lakini kilo zilinishinda. Alinionyesha mara tatu. Lami kulishika basi kunategemea uzito wa basi: likiwa zito, linashikwa zaidi. Na kuligeuza basi kunategemea uzito uleule: likiwa zito, ni gumu zaidi kugeuka. Kilo ziko upande huu, kilo ziko upande ule, unazikata. Kwenye karatasi niliona. Mwilini sikuamini.

"Kalamu haibebi abiria," nikamwambia. Ilikuwa imebaki wiki moja na siku mbili mtihani ufike tena. "Basi likijaa unapunguza mwendo. Kila dereva anajua."

"Kuna vitu dereva anajua na kuna vitu dereva amezoea," akasema. "Kapime."

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, zamu yangu ilikuwa kuwapeleka Wakristo kanisani, nikishawashusha nina saa mbili za kungoja. Siku hiyo naye alikuwa na mapumziko, nikamchukua. Tukaenda kwenye uwanja wa kuegeshea magari ambao Ijumaa asubuhi hauna hata paka. Nikahesabu hatua kutoka katikati, mita kumi, nikapanga chupa za maji kwa duara. Yeye akakaa mbele na vibakuli viwili vya plastiki vya aina moja, kimoja kitupu, kingine nimekijaza githeri, mahindi na maharage, hadi kifuniko kikakataa. Akaviweka kwenye dashibodi, mahali palipo bapa.

"Kipi kitateleza kwanza?" akauliza.

"Cha githeri. Kizito."

"Haya. Yalla."

Nikazunguka kwa kilomita kumi na tano kwa saa. Kimya. Kumi na nane. Kimya. Nilipogusa ishirini, vibakuli vyote viwili viliondoka pamoja, vikafika ukingoni pamoja, akavidaka.

"Bahati," nikasema. "Badilisha nafasi."

Akabadilisha. Ishirini, vikaondoka pamoja. Nikasema dashibodi ina vumbi, nikaifuta. Vikaondoka pamoja. Nikasema githeri haitoshi, nikakitwika kibakuli sufuria yake na kijiko. Naapa nilikuwa naishangilia ile githeri itangulie, kama mtu anayeshabikia timu ya mtaa wake. Mzunguko wa kumi na moja nilisimamisha basi, nikaegemea usukani.

"Woi," nikasema. "Kweli zinakatika."

Tukapiga hesabu palepale nyuma ya karatasi ya safari: kasi kwa mita kwa sekunde, mara yenyewe, gawanya kwa mita kumi, gawanya tena kwa mvuto wa dunia. Ikaja sifuri nukta tatu na kidogo, mshiko wa plastiki juu ya plastiki. Namba yangu mwenyewe, nimeitoa kwa mikono yangu, haikutoka kwenye kitabu cha mtu. Nilimkumbatia mlinzi wa watu mpaka hijabu yake ikakaa upande. Tukala ile githeri kwa kijiko kimoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyekitazama kile kidude chini ya dashibodi kilichokuwa kikiwaka taa nyekundu.

Jumapili asubuhi mudir akaniita. Mudir ndiye meneja wetu wa usafiri, mtu wa Kerala, India, mpole, mwenye kumbukumbu ya kutisha. Aligeuza skrini yake nikaona ramani ya ule uwanja, na juu yake duara, duara, duara. Kila basi letu lina kidude kinachopeleka habari ofisini dereva akikata kona kwa ukali. Dereva akipeleka habari tatu kwa mwezi, anashushwa kwenye usukani siku saba, na ruhusa zake zote zinafutwa.

"Kumi na moja," akasema. "Kwa robo saa. Mahali pamoja. Wewe ni mgonjwa?"

Ruhusa yangu ilikuwa ya Jumamosi, siku ya mtihani. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni: nilikuwa nasikiliza tairi, nilikuwa nakagua usukani. Angeamini, miaka minane sijawahi kukwaruza hata taa. Lakini mwenzangu wa chumbani alikuwa amenizoesha kuuliza kila kitu kina mwenyewe gani, na kosa hili mwenyewe wake nilikuwa mimi.

"Nilikuwa napima fizikia," nikasema.

Akavua miwani. Nikaomba karatasi. Nikamchorea basi, nikachora mishale mitatu, nikamwambia kila mmoja ni wa nani. Nikamweleza vibakuli na githeri. Nikamkatia kilo mbele ya macho yake.

Alitazama mchoro kwa muda. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo niwaambie madereva wangu, basi likijaa, wasipunguze mwendo?"

Ai! Swali hilo hatukulifundishana. Ningeweza kupotea hapo. Nikachora basi jingine, refu, na watu juu.

"Hapana, bosi. Watapunguza. Kuteleza ni kulekule, lakini basi lililojaa mizigo juu linaweza kupinduka kabla halijateleza. Na kulisimamisha, breki zina nishati nyingi zaidi ya kumeza. Zinaungua. Sababu ya kupunguza ipo, ila siyo ile niliyokuwa nadhani."

Wakati nayasema ndipo nilipojua nayajua. Sijui kama umewahi kusikia mdomo wako ukikushangaza.

Mudir aliandika barua ya onyo. Basi la kampuni nimelitumia bila ruhusa, na kwa mwezi mmoja zamu ya kanisani angepewa mwingine. Niliipokea kwa mikono miwili. Onyo hilo nilistahili. Nikangoja habari ya Jumamosi, sikuthubutu kuuliza.

"Jumamosi nenda," akasema bila kuinua kichwa. "Ukifeli, njoo uchukue zile siku saba zako."

Usiku ule sikumwambia mwenzangu kwamba niliogopa. Nilimwambia nimepewa onyo. Akasema, "Mimi ndiye niliyekwambia ukapime." Nikamjibu, "Wewe ulishika vibakuli. Usukani nilishika mimi." Tukachora hadi Ijumaa. Alinipa maswali ambayo hayana huruma: ndoo ya maji inayozungushwa kichwani bila kumwagika, toroli linaloshuka mteremko wenye msuguano, mtu anayebembea. Nilikosea, nikarudia, nikakosea tena. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mimi niliinama mpaka mgongo ukauma.

Jumamosi msimamizi alikuwa yuleyule. Aliponiona mlangoni alinitambua, naona hata yeye alikuwa amewasimulia watu. Swali la sita lilikuwa hivi: kijigari kinateremka kilima chenye msuguano, kisha kinapita juu ya tuta la mviringo, kwa kasi gani magurudumu yataacha kugusa tuta? Nikapitia mara mbili. Kilo hakuna.

Nilihisi moyo ukitaka kuinua mkono wenyewe. Nikaukalisha chini. Nikachora kijigari juu ya tuta. Mshale wa chini, mwenyewe dunia. Mshale wa juu, mwenyewe tuta. Mkono ukataka kuweka mshale wa tatu, wa kukirusha kijigari juu, nikauuliza, "Wewe ni wa nani?" Hakuna aliyejibu. Sikuuweka. Magurudumu yakiacha kugusa, tuta halina tena la kusema, mshale wake unakuwa sifuri, na kazi yote inabaki ya dunia. Kilo huku, kilo kule. Nikazikata kwa mstari mmoja, na nikabonyeza kalamu kwa makusudi.

Msimamizi alipita karibu yangu, akainama. "Leo maswali yako sawa?"

"Yako sawa kabisa, bwana."

Ujumbe ulikuja wiki mbili baadaye nikiwa njiani. Sikuufungua hadi nilipoegesha na kuzima injini, mahali palepale nilipolilia mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimefaulu. Nilipiga honi mara moja, peke yangu, mlinzi wa geti akanitolea macho.

Nilimkuta mwenzangu chumbani amesimama kwenye jiko, bado na sare. Nikamwambia nimepita. Hakuniuliza alama ngapi.

"Ulichora kwanza?"

"Nilichora."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kukoroga.

Chuo kilikuwa kimetuma fomu ya kujiunga. Nikaketi mezani nikaijaza. Ukurasa wa pili walitaka jina la aliyenifundisha fizikia, anwani yake na kazi yake. Nikaandika majina yake yote matatu. Nikaandika chumba chetu. Kwenye kazi nikaandika: Mwalimu.

Alikuja kunisomea nyuma ya bega, kijiko mkononi.

"Futa hapo," akasema. "Watakuja kuuliza. Andika mlinzi."

"Sifuti."

"Dereva, usinifanyie utani. Nilikwambia, mwalimu ni mtu mwenye darasa."

"Nimesikia. Na mimi ni nani?"

Nikageuka, nikaona amefunika macho kwa mkono wenye kijiko, mchuzi unamtiririkia kwenye mkono wa sare, mabega yanatikisika. Nilisimama nikamshika. Kisha alijifuta, akavuta kiti, akaisoma fomu tangu mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesahihisha, akanionyesha mahali nilipokosea tarehe yangu ya kuzaliwa. Ile kazi aliiacha kama ilivyo. Akarudi kwenye jiko, akafunua sufuria, akanipakulia.